Shanga za Mgongoni

Nimeshona nguo za mabibi harusi tangu nina miaka kumi na tano, kule Lindi, na bibi harusi kazi yake siku ile ni moja tu: kukaa. Anakaa, anatazamwa, anainamisha kichwa. Akichoka sana ananyanyuliwa, anapelekwa akakae mahali pengine. Kwa hiyo nguo yake unaweza kuijaza shanga utakavyo, wala haitakulaumu.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kushonea sindano ya ndoano, kazi aliyoirithi kwa wakubwa zake waliotoka Kachi, India. Kitambaa unakiwamba kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Ndoano inachukua ushanga, inazama, inaibuka na uzi, na kila kitanzi kinashika kitanzi kilichotangulia, kama mkufu. Kwa mkono wa kawaida ua moja ni kazi ya asubuhi nzima. Kwa ndoano, kabla chai haijapoa umeshamaliza mawili. Mabibi harusi wangapi wa Lindi na Mtwara walikaa ndani ya kazi yangu, sijui. Wengine sasa wako huku huku Toronto, nao ni mabibi wenye wajukuu, na tukikutana msikitini wananiambia, "Shamshad, ile nguo ninayo bado." Basi nilijiona fundi.

Na fundi akijiona fundi, ndipo anapokosea.

Nguo niliyoikosea ilikuwa ya Nicole, binti wa Libérata. Libérata ni mtu wa Bukavu. Anafanya usafi kwenye kiwanja cha barafu kilicho karibu na kwetu, hapa Thornhill. Nicole alimzaa hapa Toronto, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alikuwa akienda naye kazini. Mama anasugua sakafu, mtoto anateleza. Akateleza, akateleza, mpaka siku moja walimu wenyewe wakasimama kumtazama.

Mimi na Libérata tulijuana kwenye kituo cha basi cha Bathurst, majira yangu ya kwanza ya baridi. Niliteleza, mimi bila kukusudia, nikakaa chini na mfuko wangu wa vitunguu. Mwanamke mmoja akanishika kwapani, akaniinua, akasema, "Pole, Maman."

Nikadhani nimegonga kichwa. Miezi minne nilikuwa nimeambiwa sori na watu wa kila namna, lakini pole sijaisikia nje ya mlango wetu. Nikamuuliza, "Wewe unatoka wapi?" Akasema, "Kwanza tuokote vitunguu." Tukaokota. Tangu siku ile kila nikipika pilau, sahani moja ni ya kwake.

Nicole naye alinizoea kwa sababu ya vitendawili. Kiswahili anakisikia chote, lakini akikujibu ni Kiingereza. Kwenye vitendawili tu ndipo nilipomkatalia. Siku ya kumpima nguo nilimsimamisha juu ya kiti, pini zimejaa mdomoni mwangu, nikasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Natembea juu ya maji wala silowi miguu."

Akafikiri. "Bata?"

"Bata analowa. Nipe mji."

"Nakupa Toronto."

"Toronto siitaki, ina baridi."

"Nakupa Mombasa."

"Haya. Nilikwenda Mombasa, nikafika Mombasa, watu wote wakanipokea, wakaniuliza, hivi yule mtoto wa Libérata hajui kwamba ni yeye mwenyewe?"

Akacheka mpaka pini moja ikamchoma, nami nikamwambia asimame wima kama mtu mwenye adabu. Hapo ndipo penye kosa langu. Nilimpima akiwa amesimama wima. Kitambaa kilikuwa cha buluu iliyokolea, kile kinachovutika, na mgongoni kuanzia shingoni mpaka kiunoni nikammwagia shanga za fedha kama mvua. Wiki tatu za ndoano. Shingoni kwa mbele tu ndipo nilipotumia mkono, kwa sababu fremu haikuingia. Nguo ilipokwisha, siku tatu kabla ya safari, mwalimu wake akaitazama, akasema ni nzuri mno, itunzwe, asiivae mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa mashindano ya taifa, Hamilton, Januari 1998. Nicole alikuwa kwenye kundi la vijana. Klabu yake ilikuwa imesema wazi: akiingia katika nane bora, mwalimu atakuwa naye mwaka mwingine. Akikosa, basi. Libérata hakuwa na uwezo wa kumtafutia mwalimu mwingine, na mtoto wa miaka kumi na tano asiye na mwalimu anavua viatu vya barafu na habari yake inaishia hapo. Sehemu ya kwanza ya mashindano, ule mchezo mfupi, aliucheza siku moja kabla, akiwa kule na mwalimu wake, kwa nguo yake ya zamani. Akawa wa tisa. Ulibaki mchezo mrefu.

Sasa, ilikuwa katikati ya Ramadhani. Na kwa madhehebu yetu, ukisafiri mwendo kama ule wa Hamilton na ukaondoka kabla ya jua kupinduka, siku hiyo huna saumu. Si habari ya kujikaza. Hata ukikaa na njaa mpaka usiku haihesabiwi, utailipa siku nyingine. Mkwe wangu Nilofar, mke wa mwanangu, aliniona nafunga mkoba asubuhi.

"Maa, ukitoka saa hizi saumu imekwenda."

"Najua."

"Si uondoke saa saba? Utafika, utamwona, na saumu iko pale pale."

"Mama Nicole anaondoka saa mbili. Anaogopa theluji ya njiani."

"Na wewe unaogopa nini?"

"Namwogopea Mama Nicole, atakaa peke yake."

Nilofar akanitazama, kisha akaenda jikoni, akarudi na vitumbua vitatu kwenye karatasi. Simpi sifa zake za kutosha yule mtoto. Akaviweka kwenye mkoba wangu, akasema, "Msafiri asafiri na kitu."

Njiani Libérata aliendesha kwa mikono miwili, gari lake likipuliza joto upande wangu tu. Tulipoziacha nyumba za mji nyuma, nikajua sasa mimi msafiri kamili, naruhusiwa kula. Lakini mkono ulikataa. Miaka yote ile, mchana wa Ramadhani, nile mbele ya mtu? Nikangoja. Tuliposimama kituo cha mafuta naye akaenda msalani, nikala kitumbua kimoja haraka haraka nikiwa nimegeukia dirisha, kama mwizi wa kitumbua changu mwenyewe.

Tulifika mapema. Jengo ni kubwa, viti vinapanda mpaka karibu na paa, na katikati chini barafu nyeupe kama shuka iliyopigwa pasi. Nilidhani kutakuwa na kelele. Kumbe watu wanakaa kwa utulivu kama wako kwenye kisomo, na blanketi magotini. Tukamwona Nicole kwenye mazoezi ya asubuhi, amevaa nguo nyeusi za kawaida. Alizunguka mahali pamoja, akaukunja mguu nyuma, akaushika kwa mikono miwili mpaka ukafika juu ya kichwa. Mimi nikasema mashaallah, mtoto hana mifupa. Nilitazama tu. Akili haikunipeleka kokote.

Kando yetu alikaa mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima kuliko mimi, ana darubini ndogo shingoni. Alituambia hajakosa mashindano haya miaka ishirini. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini yeye alisema polepole, akitaka kweli nielewe: huyu ameruka mizunguko mitatu, yule ameruka miwili, waamuzi ni wale kwenye meza ndefu. Sijui jina lake mpaka leo. Mungu ampe umri.

Ilipofika saa saba, nikasikia ngurumo upande wangu wa kulia.

"Mama Nicole," nikamwambia, "tumbo lako linahutubia."

"Liache. Tutakula pamoja saa ya magharibi."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe. Nalisema leo siwezi kula mbele yako, Maman. Hata maji sijakunywa. Tangu asubuhi."

Kile kitumbua kikanipanda kooni. Mwanamke huyu, Mkristo wa watu, mtoto wake anakwenda kuamuliwa maisha, amefunga ili nisifunge peke yangu. Na mimi nimeshiba.

"Mama Nicole," nikasema, "mimi leo sikufunga."

"Unasema nini?"

"Msafiri hafungi. Nimekula kitumbua kule kwenye mafuta, ulipokwenda msalani."

Akanitazama uso, akashuka mdomoni. "Njo mana naliona midomo yako inang'aa," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Mi nafikiri umepaka ile dawa ya baridi."

Akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakimruka, machozi yakimtoka, mpaka mama mwenye darubini akauliza kama kuna tatizo. Nikatoa karatasi. Vitumbua viwili vilivyobaki alivila vyote, akalamba vidole, akasema nikirudia tena kumwacha na njaa atanirudisha Thornhill kwa miguu. Nilimshukuru Mungu kwa kicheko kile, maana tangu asubuhi uso wake ulikuwa umekazwa kama ngoma.

Saa nane kundi la Nicole likaanza. Wasichana wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja na nguo yake, na Libérata akawa anazitazama nguo, si miguu.

"Iko na shanga, lakini kidogo," akasema ya kwanza. Ya pili, "Hii haina kitu." Ya tatu ilikuwa nyekundu, ina mawe yanayometameta kifuani. "Ya Nicole inazishinda zote," akasema, akanipiga paja. "Zote kabisa."

Huyo wa nyekundu aliruka vizuri mara mbili. Mara ya tatu, alipokuwa anatua, kitu kidogo kikaruka kutoka kifuani kwake. Hata nisingekiona kama si taa. Akazunguka uwanja, akarudi pale pale kwa kasi, na mguu ukasimama ghafla kama umeshikwa. Akaenda chini kwa goti na bega.

Filimbi ikalia. Muziki ukakatwa. Watoto wadogo wale wanaookota maua yanayotupwa na watazamaji wakaingia kwenye barafu, wakatambaa kwa magoti wakitafuta.

"Kuna nini?" Libérata akauliza.

Mama mwenye darubini akashusha darubini. Akatueleza kwamba kitu kikidondoka kutoka kwenye nguo, waamuzi wanapunguza alama. Lakini ubaya si alama. Ubaya ni kukikanyaga. "Ushanga mmoja," akasema, akanionyesha ncha ya kidole chake, "unatosha."

Nikaitazama ncha ya kidole kile.

Mshono wa ndoano una aibu yake. Kwa kuwa kila kitanzi kimeshikwa na mwenziwe, uzi ukikatika mahali pamoja, vitanzi vinaachiana mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa mstari. Kwa bibi harusi si kitu. Nani atamkata uzi, naye amekaa? Lakini sasa niliuona mguu wa Nicole ukikunjwa nyuma, na chuma cha kile kiatu, chenye makali kama kisu cha samaki, kikipita mgongoni kwake, mahali pale pale nilipommwagia mvua yangu. Na kitambaa kinavutika. Uzi wangu hauvutiki.

Si ushanga mmoja. Zingemwagika zote chini ya miguu yake.

Nikanyamaza. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Nikafikiri: huenda isikatike. Nikafikiri: ikikatika watasema bahati mbaya, ya yule wa nguo nyekundu imeonekana na kila mtu. Nikafikiri: wiki tatu, na macho yangu haya. Wanasema Ramadhani shetani amefungwa minyororo. Basi mawazo yale yalikuwa yangu mwenyewe.

"Nicole ni wa nne kutoka sasa," Libérata akasema, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto.

"Mama Nicole, nguo nimeikosea."

"Nguo iko sawa."

"Haiko sawa. Shanga za mgongoni zitamwagika. Nipeleke kwake."

Sikumweleza zaidi, wala hakuniuliza. Aliinuka, akanitangulia kwenye ngazi, anarudi nyuma kila hatua kunishika kiwiko kwa sababu magoti yangu hayapendi kushuka. Chini kulikuwa na mlango na mlinzi, kijana mnene mwenye shati jeupe. Libérata alikuwa na kadi ya mzazi shingoni. Mimi sikuwa nayo.

"Kadi moja, mtu mmoja," mlinzi akasema.

Libérata hakubishana. Akaivua kadi, akanivika mimi, akainyoosha kifuani pangu. "Wewe njo uko na sindano," akasema. "Mimi nitaenda kufanya nini? Kulia?"

Mlinzi akaisoma kadi. Imeandikwa mama mzazi. Akanitazama mimi, miaka sitini na sita, mtandio mpaka kiunoni. Sikutaka kusema uongo, na hasa siku ile. Nikageuza pembe ya mtandio wangu, nikamwonyesha sindano niliyoichomeka kwa ndani na uzi wake, kama tulivyofundishwa wanawake wa kwetu tusitoke bila sindano. Nikasema kwa Kiingereza changu, "Nguo ya mtoto. Dakika tano."

Akamtazama Libérata, akanitazama mimi, akafungua mlango. Naye simjui jina. Siku ile watu wasio na majina walinitendea mema mengi.

Nicole alikuwa ukumbini, amevaa koti juu ya nguo, anarukaruka kupasha mwili joto. Mwalimu wake, mwanamke mrefu mwenye nywele za kijivu, alikuwa ameshika maji. Nicole aliponiona macho yakamtoka.

"Bibi? Mama yuko wapi? Kuna nini?"

"Mama yuko salama. Vua koti, geuka."

Akageuka. Mvua yangu ikametameta chini ya taa, na wallahi ilikuwa nzuri kuliko vile nilivyoikumbuka. Nikapitisha kidole. Kiunoni tayari kitanzi kimoja kilikuwa kimekaa juu, kimevutwa.

Kuzifunga mafundo zote ingekuwa kazi ya siku mbili. Tulikuwa na dakika sita, mwalimu alisema.

"Bibi, unafanya nini?"

"Natengua."

"Zipi?"

"Zote."

Nikainama, nikatafuta mkia wa uzi kiunoni kushoto, nikaukata kwa meno, nikavuta. Na ule mshono, kwa aibu yake ile ile, ukaja wenyewe. Tik tik tik tik, kitanzi kikiachia kitanzi, kutoka kiunoni kupanda mgongoni, kushuka tena, na shanga zikaanza kumwagika kwenye mtandio nilioutandaza chini yake kwa mkono mwingine, sauti kama mchele kwenye ungo. Mstari mmoja, wa pili, wa tano. Kama ningalikuwa nimezishona kwa mkono, kila moja na fundo, tungalikuwa pale mpaka kesho. Kitambaa hakikupata hata alama. Wiki tatu zilikwisha kwa muda wa kuchemsha yai.

Nicole alijitazama kwenye kioo cha ukutani, kichwa kimegeuka begani. Akapeleka mkono mgongoni, akapapasa.

"Ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri ya kukaa," nikamwambia. "Wewe hukai."

Nikapitisha kiganja mgongoni kwake mara mbili, polepole, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Mara ya pili nikaukuta ushanga mmoja umejificha kwenye mshono wa ubavu. Nikaung'oa kwa meno. Za shingoni mbele nikazivuta moja moja. Hizo zilikuwa na mafundo, hazikutikisika. Mwalimu alikuwa amesimama tu na yale maji. Akasema neno moja la kunishukuru, akamshika Nicole mkono, wakaenda.

Nami nikarudi mlangoni na mtandio wangu umefungwa kama furushi la mpunga, kichwani nimebaki na kitambaa cha ndani tu. Libérata alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Nikaivua kadi, nikamrudishia shingoni.

"Nenda ukasimame karibu naye."

"Imeisha?"

"Imeisha. Hana shanga hata moja mgongoni. Nisamehe."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu juu ya kitambaa, akaingia.

Mimi nilibaki kule chini mwanzoni mwa ngazi, sikuwahi kufika kitini. Nikamwona Nicole akiingia kwenye ile barafu, mdogo, wa buluu, mgongo mtupu. Muziki wake ulikuwa wa fidla. Mruko wa kwanza akatua. Wa pili akatua. Wa tatu akaanguka, akakaa kabisa, na mimi moyo ukaniambia, umesahau moja. Lakini aliinuka na kuendelea, na hakuna aliyetambaa kutafuta kitu. Alianguka kwa kuanguka kwake, kama watu wote.

Kisha akafika katikati, akaanza kuzunguka. Mguu ukaja nyuma. Mikono ikaushika. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa bado anazunguka, chuma kikipita mgongoni juu ya buluu tupu, haraka hata usiweze kuhesabu, na mama mwenye darubini kule juu alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nilipanda nikakaa. Yule mama akanieleza ubao: kwa kuchanganya mchezo wa jana na wa leo, Nicole sasa ni wa sita. Bado wasichana watatu. Wawili wa kwanza walimpita, kama ilivyotarajiwa. Akawa wa saba, akawa wa nane. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa anatoka Quebec, msichana mwembamba mwenye nguo ya kijani. Mama mwenye darubini akaniambia habari yake kwa huruma. Wiki iliyopita mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme kule kwao. Siku nyingi kiwanja chao kilikuwa giza, barafu imeyeyuka, na mtoto akafanya mazoezi sebuleni kwa viatu vya kawaida, kwa mwanga wa mishumaa.

Nami nikiwa nasikia haya yote, nikamtazama mtoto yule na nikataka aanguke.

Nilitaka hasa. Niliitazama miguu yake nikaitakia kosa. Kisha nikahisi lile furushi la shanga mapajani mwangu, zito, na nikaona haya, haya ya kweli, kama mtu aliyekutwa. Mtoto wa watu, ametoka gizani. Mimi dakika ishirini nyuma nilifunguliwa mlango na mtu nisiyemjua. Nikaanza kumwombea. Nikasema, Ya Rabbi, msimamishe. Msimamishe huyu, na yale ya Nicole ni yako.

Alisimama mpaka mwisho. Hakuanguka hata mara moja. Lakini alikuwa amechoka, na pale wengine walipozunguka mara tatu hewani yeye alizunguka mbili, na mwishoni miguu ilikuwa mizito. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mama mwenye darubini akanitazama kwa mshangao kidogo, kisha naye akaongeza.

Alama zikatoka. Majina yakapangwa upya kwenye ubao, na mimi Kiingereza changu kikanikimbia, nikawa natafuta herufi ya kwanza tu. Mama mwenye darubini akanyoosha kidole. Nane. Nicole wa nane, na yule wa kijani wa tisa.

Libérata alipanda ngazi peke yake. Akakaa kando yangu, akavua kofia yake ya sufu, akaivaa, akaivua tena.

"Nane," akasema.

"Nane."

Akanigeukia, akasema, "Kama ungenyamaza, nani angejua?"

"Barafu ingesema."

Akatikisa kichwa, akaliona furushi, akalifungua pembe. Akatia mkono ndani ya zile shanga, akazichota, akaziacha zishuke kati ya vidole. "Maman," akasema, "unaliharibu kazi yako yote juu ya mtoto wangu." Sasa ndipo alipolia, na mimi nikamwacha alie, nimemshika mgongo. Nilikuwa na mengi ya kumshukuru Mungu hata sikujua nianze na lipi. Nikaanza na vitunguu.

Tulirudi magharibi inaingia, Nicole nyuma amejilaza, miguu juu ya kiti, anakula viazi vya kukaanga. Mwalimu alikuwa amempa ruhusa alale kwao usiku ule. Nikamsikia anauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya usingizi, kama mvua ya mgongoni itarudi.

"Itarudi," nikasema. "Kwa mkono safari hii. Kila ushanga na fundo lake, na uzi unaovutika."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka mashindano yajayo."

"Na mimi nitakuwa nimekua."

"Basi nitaongeza kitambaa. Lala."

Nilianza Jumatatu, baada ya daku na swala ya alfajiri, nyumba bado imelala. Ushanga, fundo, kata uzi. Ushanga, fundo, kata. Siku zake za mapumziko Libérata anakuja, anakaa karibu na dirisha na kunitungia uzi kwenye sindano, kumi kumi, anazipanga kwenye mto, kwa sababu macho yangu hayalioni tena tundu. Anaongea, mimi nashona. Sasa tumefika bega la kushoto.